Mifereji Isiyofungwa

Kwako Gatwiri, mwanangu,

Nakuandikia alasiri hii nikiwa kwenye meza ya nyanya yako, nawe umelala chumba cha pili, au umejifanya kulala. Sanduku lako la bati liko mlangoni. Mambo ya sabuni, soksi na rangi ya viatu nimemwachia yeye, kwa kuwa ndiye aliyekulea, na ameshayasema mara nyingi kuliko unavyopenda kuyasikia. Kesho unakwenda shule ya bweni Embu, gredi ya kumi, na kati yetu wawili kuna jambo moja ambalo halijasemwa. Unaamini kwamba mkono wako ndio uliopasua ardhi ya ua wa nyanya yako. Sitaki uondoke na imani hiyo. Si sahihi, na mimi ndiye ninayeweza kukuonyesha kwa nini.

Kiswahili nimekichagua kwa makusudi. Hapa nyumbani tunasema Kimeru, na ofisini kwangu kila kitu huandikwa kwa Kiingereza. Lakini kosa ninalotaka kulieleza lilizaliwa ndani ya Kiswahili, katika neno moja tu, na sioni namna ya kulieleza nikiwa nje yake.

Unajua kwamba nilikuzaa nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Nyanya yako alikupokea, akanirudisha darasani, na baadaye akaniacha niende chuo kikuu, hukohuko Embu, nisomee uhandisi wa ujenzi. Nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu wote. Mtu aliyechelewa kuanza huwa na haraka ya aina yake: hujibu swali kabla halijaisha kuulizwa. Haraka hiyo ilinisaidia kwenye mitihani. Nilihitimu vizuri, nikaajiriwa katika upanuzi wa barabara yetu, nami nikaomba nipangiwe sehemu hii ya kwetu, nikisema ninaifahamu ardhi yake. Ukweli ni kwamba nilitaka pia watu wa hapa, waliowahi kuniona nikishuka kilima hiki na tumbo chini ya sweta ya shule, sasa wanione na kofia ngumu.

Barabara ilihitaji nafasi, na nafasi ilikuwa ndani ya kilima. Ndiyo maana leo ukisimama barabarani unaona ukuta wa mwamba, juu yake migomba, na nyuma ya migomba bati la jikoni kwa nyanya yako. Kilima hiki ni cha matabaka mawili. Juu kuna lava ngumu iliyojaa nyufa. Chini yake kuna majivu ya kale yaliyotapikwa na Mlima, yaliyoshikamana yakawa jiwe laini. Mvua hupenya kwenye nyufa za lava mpaka ikutane na majivu, ambayo hayapitishi maji kwa urahisi, kisha hutambaa pembeni kutafuta pa kutokea. Tulipokata kilima, tuliyapa maji hayo mlango upande wa barabara. Na nyufa kubwa za lava nazo zinainamia upande huohuo, kama vitabu kwenye rafu iliyoinama ambayo haina kizuizi mwishoni.

Kuutuliza mwamba wa namna hiyo ni kazi inayojulikana. Uliwaona wanaume waliofungwa kamba viunoni wakining'inia na mitaimbo, wakibandua kila jiwe lililolegea kabla halijajibandua lenyewe. Baadaye mashine ilitoboa mashimo marefu, tukatumbukiza nondo zipite vipande vilivyo tayari kuteleza na kushika mwamba mzima ulio nyuma yake, na mashimo tukayajaza saruji laini iliyokorogwa ikawa nyepesi. Mafundi huiita uji. Nyanya yako alipolisikia neno hilo alisema, "Kumbe hata jiwe likiugua linanyweshwa uji." Kisha wavu wa chuma, kisha saruji ya kunyunyizia kwa mpira wa hewa, ili uso wa mwamba usimomonyoke. Mwisho kabisa, chini, pale lava inapokutana na majivu, tulitoboa matundu marefu yanayopanda kidogo kuelekea ndani, tukayavika paipu za plastiki zenye vitundu, ili maji yaliyo nyuma ya ukuta yapate kutoka.

Hayo matundu ndiyo sehemu isiyovutia macho. Mgeni anayepita hupiga picha wavu na nondo. Lakini maji yakijaa ndani ya ufa husukuma, na husukuma zaidi kadiri yanavyopanda. Nondo hustahimili kwa muda, ila si kazi yake kubishana na maji kila msimu. Hilo nilikuwa nimelisoma, na nimelijibia swali la mtihani. Nililieleza vibaya nilipotakiwa kuwaeleza watu.

Ilikuwa kwenye baraza ya naibu wa chifu. Ulikuwepo, umeketi na nyanya yako karibu na mlango. Naibu wa chifu alinitambulisha: "Huyu injinia si wa kuletwa na lori. Ni wa Mama Nkatha, hapa juu." Watu wakapiga makofi, nami nikasimama na Kiswahili changu cha shule. Nilisema: "Mwamba huu una maji mengi ndani. Tutautengenezea mifereji, ili maji yatoke."

Makofi yakaongezeka kuliko nilivyotarajia. Mzee Kirimi, jirani yetu wa upande wa kahawa, akainua fimbo.

"Na hiyo mifereji itafunguliwa saa ngapi?"

Watu wakacheka. Nikadhani ananitania, kwa vile hutania kila mtu, nami nikacheka pia. "Itakuwa wazi saa zote, mzee, mchana na usiku."

"Saa zote," akasema, akigeukia wenzake. "Hii serikali imetajirika lini?"

Nikaketi nikiwa nimeridhika. Niliona nimeeleweka.

Katika vitabu vyangu mfereji ni njia iliyochimbwa ya kupitisha maji. Kwetu hapa, tangu nikiwa mtoto, mfereji ni kile kitu chenye kichwa unachokizungusha: maji ya mfereji, fungua mfereji, nani ameacha mfereji wazi. Maana zote mbili nilikuwa nazo. Siku ile nilibeba moja tu, ile ya kitabu, kwa kuwa ndiyo iliyoonekana kuvaa tai. Watu walisikia ile nyingine. Walisikia kwamba barabara inawaletea maji, na binti yao ndiye anayeyaleta.

Kwa hiyo walipoziona paipu zikitoa maji safi kando ya barabara, walikuja na mitungi. Hakuna aliyeshangaa, isipokuwa kwa jambo moja: mifereji hii haikuwa na vichwa. Nyanya yako alishangaa kuliko wote. Huyu ni mwanamke aliyebeba maji kutoka mtoni, mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, mpaka kamba ikaacha alama ambayo bado unaiona. Maji yanayomwagika usiku kucha bila mtu yalimtesa. Alinipigia simu kulalamika. "Nkatha, hiyo maji yenu inapotea bure. Mafundi wamesahau kuweka vichwa." Nilikuwa mkutanoni. Nilimjibu, "Mama, imepangwa hivyo," nikakata. Swali kabla halijaisha, jibu lilikuwa tayari.

Ndipo akakutuma wewe. Ulichonga vijiti vya mti wa mkima, ukavizungushia vipande vya mpira wa tyubu, na kila jioni baada ya watu kuteka, ukashuka kufunga. Asubuhi ulifungua kabla ya kwenda shule. Nimeviona vijiti hivyo. Kila kimoja kimechongwa kwa kipimo cha paipu yake, na hakuna kilichovuja tone. Nakwambia kama mhandisi: ilikuwa kazi nzuri.

Hatari haikuwa katika usiku mmoja mmoja. Hatari ilikuja na mvua. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, mapipa yote ya kijiji yalijaa maji ya paa, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuteremka barabarani na mtungi. Asiyeteka hafungui. Vijiti vikabaki ndani ya paipu, katika miezi ileile ambayo mwamba ulizihitaji zaidi.

Nilipita chini ya ukuta huo katika gari la mradi zaidi ya mara moja. Nilitazama kupitia kioo nikaona paipu hazitoi kitu. Nikamwambia dereva, "Unaona? Mwamba umekauka."

"Mmefanya kazi, injinia," akasema.

Nikakubaliana naye. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya gari wakati tunasema hayo. Hili ndilo ninalolirudia kichwani mara nyingi, si baraza. Kwenye baraza nilikosea neno, na yeyote anaweza kukosea neno. Ndani ya gari nilikuwa na ushahidi mbele ya macho, mvua juu na paipu kavu chini, nikauchukua kuwa pongezi kwa sababu nilikuwa nangoja pongezi. Paipu kavu wakati wa mvua ni swali, nami nilikuwa na kazi ya kuliuliza.

Aliyeuliza ni wewe. Ulinipigia simu ukasema, "Mama, kuna ufa nyuma ya jikoni. Kuku ametumbukiza mguu."

"Mkubwa kiasi gani? Kidole kinaingia?"

"Mkono unaingia. Nyanya anasema ni fuko."

Fuko hachimbi kwa mstari ulionyooka kutoka uzio mpaka uzio. Nilikuja na Mhandisi Njeru, mkuu wangu, mtu wa Embu asiyependa maneno mengi. Ufa ulikuwa umekatiza uani sambamba na barabara na kuingia chini ya sakafu ya jikoni. Tulibandika kipande cha kioo juu yake kwa saruji, kila upande wa ufa ukishika ncha moja, kwa maana kioo hakivumilii kuvutwa: sakafu ikisogea hata kidogo, kinavunjika. Kesho yake kilikuwa vipande viwili. Njeru alikitazama, akamwambia nyanya yako, kwa heshima, kwamba hakuna mtu wa kulala hapa.

"Nyumba hii nilijenga kabla barabara haijaota meno," nyanya yako akajibu. "Iambieni barabara ihame."

"Mama, mimi sina neno na nyumba," akasema Njeru. "Nina neno na kilichoibeba."

Tulipoteremka barabarani, Njeru alikwenda moja kwa moja kwenye paipu. Aliinama, akaingiza kidole, akagusa kijiti. Akamwita kijana wa mtaimbo akivute. Unakumbuka kilichofuata, kwa sababu ulikuwa umesimama hapo na mwavuli pamoja na majirani. Maji yalitoka kwa kishindo, mekundu, yakavuka mtaro mpaka katikati ya barabara, na yule kijana akaketi matopeni. Mzee Kirimi akasema, "Kumbe mwamba nao ulikuwa umebanwa na haja." Watu wakacheka. Njeru hakucheka. Alivuta cha pili na cha tatu, kisha akageuka na kijiti mkononi.

"Nani amefunga hizi?"

Nyanya yako alikuwa juu, kwenye ua, akifunga ng'ombe kamba. Mzee Kirimi alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kila kitu, kutoka kwenye baraza hadi kwenye kijiti, katika muda wa pumzi moja. Na kabla sijafungua mdomo wewe ukasema, "Ni mimi."

Nilipaswa kusema hapohapo kwamba neno lilikuwa langu. Sikusema. Nilianza kutoa maagizo: leteni koni, fungeni upande mmoja wa barabara, vuteni vijiti vyote. Yalikuwa maagizo sahihi, yaliyotolewa kwa sauti ya mtu anayetazamwa na mkuu wake. Ulipanda kilima peke yako. Tangu siku hiyo hukanyagi upande ule wa ua, na kila ninachokuambia unajibu "sawa".

Njeru nilimweleza baadaye ndani ya gari, yote, kuanzia baraza. Alisikiliza mpaka tukafika Makutano. Kisha akasema, "Hata kwetu Embu tunasema mfereji. Mimi pia ningefunga." Halafu akaongeza, "Lakini hayo ungeyasema kule barabarani." Aliniambia hivyo bila ukali.

Sasa nikueleze hali ilivyo, kwa kuwa una haki ya kujua mwisho wa kazi uliyotajwa ndani yake. Baada ya vijiti kutoka, maji yalishuka nyuma ya mwamba kwa siku kadhaa, yakawa meupe, yakawa kidogo. Kioo kipya tulichobandika hakijavunjika. Tumeongeza nondo ndefu zaidi zinazopita chini ya ua wenyewe, tumetoboa matundu mapya, na kwenye kila paipu tumefunga wavu ambao kijiti hakipiti. Nilirudi mbele ya baraza nikasema matundu haya ni ya mwamba na si ya watu, na nikawaomba wanirudishie kwa Kimeru nilichosema. Mzee Kirimi alirudisha kwa namna ambayo siwezi kuiandika, lakini alikuwa ameelewa. Kando ya mtaro tumejenga tangi dogo linalopokea maji yale, nalo lina mfereji wenye kichwa.

Ukiuliza kama ulisababisha ufa, jibu la mhandisi ni hili. Nyufa za lava zilikuwepo kabla hujazaliwa. Kilima tulikikata sisi. Paipu tuliziweka sisi, bila kizuizi na bila maelezo yanayoeleweka, mbele ya watu waliofunzwa maisha yote kwamba maji hayaachwi yakimwagika. Aliyepewa kazi ya kuzikagua wakati wa mvua ni mimi. Wewe ulifanya ulichofunzwa, kwa uangalifu kuliko tulivyofanya sisi. Ukiondoa mkono wako katika mlolongo huo, mkono mwingine wa hapa kijijini ungefanya vilevile wiki hiyohiyo. Ukiondoa neno langu, hakuna kijiti.

Sikuandikii haya ili unihurumie, wala ili uwe mwangalifu zaidi. Uangalifu unao wa kutosha. Huko uendako utakutana na watu wanaojibu haraka, na pengine utatamani kuwa mmoja wao. Mimi nilitamani, na kwa sehemu kubwa nilifaulu. Ninachojua sasa ni kidogo: watu wanapocheka mahali ambapo sikusema mzaha, ninasimama kuuliza wamesikia nini. Nimechelewa kulijua, na limewagharimu watu ambao hawakuwa na deni kwangu.

Limebaki jambo la nyumba. Mwamba umetulia, lakini sitaki nyanya yako alale mbele ya ufa mvua za Machi zikija, na Njeru anakubaliana nami. Tulihama mvua zilipokuwa zikinyesha, na tumerejea humu kwa ajili ya kiangazi tu. Nyumba na jikoni vitabomolewa na kujengwa upya nyuma, upande wa kahawa, ng'ambo ya mstari ambao nimeuchora kwa chokaa. Ukirudi likizo ya Aprili hutazikuta mahali unapoziacha, na nimeona ni bora uyajue haya sasa kuliko kuyakuta.

Nyanya yako alikataa kwa wiki nyingi. Jana, tukichambua maharagwe, akakubali ghafla, ila kwa sharti.

"Mara ya kwanza baba yako ndiye alinionyesha pa kujenga," akasema. "Sasa wewe na yule Njeru mnanionyesha. Mimi nimechoka kuonyeshwa na nyinyi. Mlango utakaa wapi, jikoni itakaa wapi, aseme Gatwiri."

"Kwa nini Gatwiri, Mama? Bado ni mtoto."

Aliendelea kuchambua. "Siku ile barabarani watu wazima wote walinyamaza," akasema. "Yeye ndiye alisema."

Nilidhani hakusikia, kwa kuwa alikuwa juu na ng'ombe. Alisikia.

Kwa hiyo kesho, kabla ya gari kufika, utatoka uani pamoja nasi. Ng'ombe atakuwa amesogezwa na vigingi na kamba ya kupimia viko nyuma ya mlango. Popote nyuma ya chokaa pako salama. Hilo nimelipima, nikampa Njeru akalipima tena. Mengine ni yako. Utapiga kigingi cha kwanza mahali unapotaka mlango wa nyanya yako uwe, na mimi nitashika upande wa pili wa kamba.

Mama yako,
Nkatha